Kifaransa cha Ng'ambo ya Korongo

Nimezaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama alikuwa akiwatania wageni kwamba nilipotoka tumboni sikulia, niliuliza nimefika wapi. Shuleni walimu wengine walinipenda kwa sababu hiyo, wengine wakanichapa kwa sababu hiyohiyo. Nilipomaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sikuwa na wa kumwuliza ila kuku na mahindi, na hao hawana subira na maswali.

Siku moja baba alinituma gereji nikachukue jembe la kukokotwa na ng'ombe, lililokuwa limepelekwa kuchomelewa. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya barabara inayopanda Ngorongoro. Fundi wake alitoka Zaire. Alifikaje Karatu? Nilimwuliza mara tatu nikapata majibu matatu: alifuata lori la mbao, alifuata mwanamke, alipotea njia. Wakati huo vipuri vilikuwa adimu kama sukari na sabuni, naye alikuwa na kipaji cha kufufua Landrova kwa vipande vya gari jingine lililokufa. Nilimkuta amelala chini ya mojawapo, anaifokea nati kwa lugha nisiyoijua, laini, iliyojaa puani.

"Hiyo ni lugha gani, fundi?"

"Kifaransa," akajibu bila kutoka. "Kiswahili cha kwenu kina heshima mingi. Hii nati haisikie heshima."

Nilicheka, nikakaa juu ya tairi, na jembe la baba likachelewa kufika shambani siku hiyo. Kuanzia hapo nilipita gerejini karibu kila siku. Mwanzoni ilikuwa udadisi tu. Ndipo tukasikia kwamba hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta, inatafuta mtu wa kuongea na wageni wa Kifaransa. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa na wageni walikuwa wachache, lakini kulikuwa na vikundi vilivyoanza kuja kutoka Ufaransa kupitia Arusha, na dereva mmoja alikuwa amewaonyesha kundi zima faru kwa kupiga miluzi na kuweka kidole puani. Meneja alitangaza kwamba baada ya miezi mitatu atafanya usaili. Atakayepita ataajiriwa.

Niseme wazi: niliitaka kazi ile mpaka nikakosa hamu ya kula. Kaka yangu alikuwa na shamba la kurithi. Mimi nilikuwa na uji wa asubuhi, jembe, na mchumba ambaye shangazi alikuwa amenitafutia, mwanamume mwema ambaye hakuwahi kuuliza swali lolote maishani mwake.

Fundi alifundisha kama alivyotengeneza magari, kwa kufungua kila kitu na kukipanga chini. Ubao wake ulikuwa mlango wa Landrova uliong'olewa, na chaki yake ilikuwa ile ya kuchorea mabati kabla ya kukata. Tulipita wakati uliopo, tukapita uliopita, tukapita ujao. Halafu akafika kwenye ule uliokuja kunishika roho, wakati wa jambo ambalo bado halijatokea lakini unalisema kana kwamba uko mbele yake na umegeuka kulitazama likiwa limekwisha.

"Hapa iko motokari mbili," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "ndiyo" ni "njo". "Moja inavuta, moja inavutwa. Ile ya mbele njo inaenda kesho. Ile ya nyuma imeshakufa, haina injini, inafuata tu."

Akaandika *j'aurai réparé*, nitakuwa nimetengeneza. *Aurai* ilikuwa gari la kuvuta, limeingia kesho. *Réparé* ilikuwa gari lililokufa, kazi iliyokwisha. Linalobadilika kwa kila mtu ni lile la mbele tu: *aurai, auras, aura, aurons, aurez, auront*. La nyuma linabaki vilevile. Nilimwambia kwetu Kiswahili kinabadilisha yote mawili, nitakuwa nimefika, utakuwa umefika, injini mbili zote zinawaka. Akatikisa kichwa. "Mnakula mafuta mingi," akasema.

Kulikuwa na gari la pili la kuvuta, *serai*, kwa ajili ya vitenzi vichache vya kwenda, kuja, kufika, kuondoka. Humo vilikuwamo pia kuzaliwa na kufa. Na mwanamke akiwa ndiye anayesafiri, nyuma unaongeza herufi moja isiyosikika. "Sawa vile breki ya mkono," alisema. "Haisikike, lakini iko." Nilimwuliza kwa nini kuzaliwa na kufa vimewekwa kwenye gari moja na kwenda sokoni.

"Sijui. Uliza Wafaransa."

Jambo jingine lilinisumbua zaidi. Sisi tukisema "nikimaliza nitakuja", tumemaliza maneno. Mfaransa hatosheki. Husema *quand j'aurai fini, je viendrai*, nitakapokuwa nimemaliza, nitakuja. Hataki kuvuka daraja kabla hajahakikisha kwamba limekwisha kujengwa. Nilirudi nyumbani nikamwuliza mama angelisemaje hilo kwa Kiiraqw. Mama alikuwa anapepeta mtama. Akaniangalia.

"Ya kesho yameishaje, wewe mtoto? Hebu kalete maji."

Ilikuwa imebaki wiki nane kufika usaili mtoto wa kaka yangu alipofariki. Alikuwa wa kwanza kwao, wa kiume, miezi mitano. Homa ilimpata siku ya gulio, na siku ya tatu hatukuwa naye. Mama yake, wifi yangu, alikuwa ameolewa kwetu kutoka Endamarariek hata miaka miwili haijatimia. Hakupiga kelele. Aliketi mlangoni na kanga ya kumbebea mtoto mapajani, akawa anaikunja na kuikunjua.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo ilikaa pembeni. Haikuwa adhabu. Msiba ulihesabiwa kama moto. Jirani mwema hauvushi kwenda kwenye paa la mwenzake. Hatukuingia nyumba ya mtu, wala mtu hakuingia kwetu. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao. Maji tuliyateka chini kabisa ya kijito, baada ya wengine wote. Salamu zilipigwa kwa kuitana toka mbali. Kanisa lilikuwa linaipinga desturi hiyo, na maofisa wa serikali nao, na sehemu nyingine ilikuwa imeanza kufifia. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kaka alimwuliza kama tutaifuata.

"Mungu ananifahamu," baba akasema, "lakini jirani naye ananifahamu."

Wazee wakatuma neno kwamba tukae mpaka mahindi yavunwe. Ilikuwa miezi minne. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena kana kwamba vidole vingeniongezea siku. Ninaona aibu kuandika hivi, lakini nilimlilia mtoto kwa jicho moja, na kwa jicho la pili nilililia kazi ya hotelini.

Jumapili ya pili fundi alikuja kwa baiskeli kutafuta mwanafunzi wake. Jirani alimzuia kwenye njia, akamweleza. Kati ya shamba letu na njia kulikuwa na korongo, si pana sana, lakini refu kwenda chini. Fundi hakulivuka, wala hakucheka mambo ya watu. Alisimama ng'ambo, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa muda. Halafu akaweka mikono mdomoni.

"Binti! *J'aurai fini!*"

Nilisimama kwenye mahindi. Nikapaza sauti, "*J'aurai fini!*"

"*Tu auras fini!*"

"*Tu auras fini!*"

Hivyo ndivyo nilivyosoma. Alikuja Jumapili na Alhamisi, mchana, baada ya watu kula. Alipiga mstari, nikauitikia. Nikikosea alinifokea mpaka ndege wakaruka. Tulipofika kwenye *serai* alitaja kwenda, kuja, kufika, kuondoka, na nikatambua kwamba anaviruka kuzaliwa na kufa. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Ni moja ya mara chache nilizonyamaza kwa hiari yangu.

Siku za katikati nilijiandikia zoezi kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, karibu na pale wifi alipopenda kuketi. Hakuwa na kazi aliyopewa. Mama alipika, mimi nilichota maji, kaka alichonga mipini. Wifi aliketi juani, analia, anasinzia, anaamka, analia tena, na hakuna jirani aliyeingia kumwambia ajikaze. Mimi nilimwona kama mfungwa mwenzangu. Nilidhani tunangoja kitu kimoja.

Kumbe ng'ambo tulikuwa na wasikilizaji. Asiyejua Uiraqw hataelewa kosa walilofanya, kwa hiyo nieleze. Wazee wetu wanapoomba, iwe ni kwa ajili ya mvua au kuondoa mkosi, mmoja hutangulia kwa sauti, mstari kwa mstari, na waliokusanyika humwitikia kila anapotua. Basi watu waliona mgeni wa makamo amesimama ukingoni mwa nyumba yenye msiba, kavua kofia, anatamka maneno ya kigeni kwa mpangilio, na mtu wa nyumba hiyo anaitikia. Wangedhani nini? Wiki ya tatu bibi mmoja aliyekuwa anapalilia upande wa pili alianza kuitikia na yeye. Fundi akisema *nous aurons fini*, bibi anavuma "mmm". Baada ya hapo wakawa bibi watatu.

Mwisho mzee wa ukoo wa jirani alikuja mwenyewe mpaka ukingoni, akaegemea fimbo.

"Binti, yule mgeni wenu anasema nini?"

"Anasema, nitakuwa nimemaliza," nikajibu. "Utakuwa umemaliza. Atakuwa amemaliza. Tutakuwa tumemaliza."

"Anawataja wote?"

"Wote, mzee."

"Hata asiyekuwepo?"

"Hata yeye yumo."

Mzee alitazama chini kwenye korongo kwa muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nilitakiwa kuongeza maneno mawili tu, ni masomo, na jambo lingeisha. Kila nilichokuwa nimesema kilikuwa kweli, na ulimi wangu, ambao haujawahi kukaa, ukakaa.

"Mtu huyo si ndugu yenu," mzee akasema, "na amekuja mara nyingi kuliko ndugu."

Siku nne baadaye wazee walikubaliana kwamba maombi yametosha. Walikuja na kondoo, wakafanya yanayofanywa, wakatunyunyizia, wakaketi na kunywa nasi. Miezi minne iliishia miwili kasoro siku chache. Fundi alipelekewa kibuyu cha pombe gerejini. Nilipokwenda kumwona siku iliyofuata, kibuyu kilikuwa juu ya boneti, hakijaguswa.

"Nimepewa hii. Wanasema nimesali vizuri." Akanitazama. "Binti, weye ulisema nini?"

"Sikusema uongo. Nilinyamaza."

Hakucheka. Aligeuka akachukua spana, akaingia chini ya gari, na siku hiyo sikufundishwa kitu.

Usaili ulifanyika wiki hiyohiyo. Lori la mboga lilinipandisha kupitia msituni, ukungu umefunika kila kitu, nikafika ukingoni natetemeka meno. Meneja alinisimamisha jioni mbele ya Wafaransa kumi na wawili niwaeleze safari ya kesho. Hapo ndipo mlango wa Landrova ulipojitokeza kichwani mwangu, chaki na yote. Niliwaambia kwamba ifikapo saa sita mchana tutakuwa tumeshuka kreta, tutakuwa tumelizunguka ziwa, na tutakuwa tumemwona faru. *Nous serons descendus, nous aurons fait le tour du lac, nous aurons vu le rhinocéros.* Walipiga makofi. Dereva, Mmasai wa Loliondo, mtu mzima aliyekuwa akinywa chai pembeni, akaniita.

"Umewaambia nini hata wamefurahi hivyo?"

"Kwamba kufikia saa sita tutakuwa tumemwona faru."

"Faru mwenyewe ameshaambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Tulizunguka mpaka saa nane, faru hakuna. Nilikuwa najikunyata kwenye kiti cha mbele, najiona nimekwisha, mama mmoja wa makamo aliponigusa bega akasema, *Il aura oublié le rendez-vous.* Gari zima likacheka. Nikachanganyikiwa, kwa kuwa hapo hapakuwa na kesho yoyote. Ilikuwa tayari mchana, na bado alikuwa ametumia wakati uleule. Nilimwuliza kwa nini. Akaeleza kwamba ndivyo mtu anavyosema akikisia, jambo limekwisha kutokea huko nisikokuona. Ndipo nikaelewa kwamba nimelijua tangu utotoni. Baba akichelewa kurudi mnadani, mama husema "atakuwa amepita kwa rafiki yake". Faru atakuwa amesahau miadi. Nilifurahi mno hata nikasahau kuona aibu. Meneja alinipa kazi. Alisema mtu anayewafundisha wageni nao wakamfundisha hachoshi.

Nilirudi Karatu kuchukua nguo zangu. Asubuhi nikamwona wifi anashuka kijitoni na ndoo, katikati ya wanawake wengine, watatu kati yao wana watoto mgongoni. Walikuwa wanamwambia pole, umshukuru Mungu, wewe bado kijana, utapata mwingine. Alikuwa anaitikia kila neno. Nilimpita na sanduku langu kichwani, nikampungia mkono, naye akanipungia.

Kazi ile nilidumu nayo. Nilizoea baridi ya ukingoni, nikajua faru wote waliobaki kwa pembe zao, nikajifunza hata maneno ya kumtania yule dereva kwa Kimaa. Fundi aliondoka Karatu bila kuaga. Aliyenunua banda lake alikuta mlango wa Landrova ukutani na *aurai, auras, aura* bado zinasomeka, akaupaka rangi.

Miaka ilipita, kama sita hivi. Nilikuwa nyumbani likizo, tumekaa na wifi nje tunapukuchua mahindi. Alikuwa na binti wawili kwa sasa, wanafukuzana na mbuzi. Jambo lile lilikuwa limenikaa kifuani muda wote, si kila siku, ila kila nilipofundisha wenzangu hotelini wakati ule wa Kifaransa. Nikamwambia. Nikamweleza yote, mzee, fimbo, maneno mawili niliyoyameza.

Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua, wifi."

"Ulijuaje?"

"Nilikuona ukiandika ukutani kabla hajaja. Halafu yule fundi alikuwa akikufokea." Akatabasamu kidogo. "Nani anafokewa akiomba?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na haraka. Ungeondoka vilevile, ungeondoka na uchungu." Alirusha gunzi kwenye rundo. "Lakini miezi ile ndiyo niliyoachwa nikalia. Ilikuwa imebaki miwili mingine. Nilikuwa naihitaji."

Mimi niliye na maswali ya kila kitu sikuwahi kumwuliza hilo. Tulikuwa tumekaa ukuta mmoja wiki zote zile, bega kwa bega, na nilimwuliza Mfaransa habari za faru kabla sijamwuliza wifi yangu anataka kutoka lini. Nililia pale pale, mbele ya mahindi. Yeye hakulia. Alinisogezea kanga nijifute, akangoja nitulie, halafu akaniuliza wale Wafaransa wangu husemaje kwamba mtu atakuwa ameanza shule.

"*Il aura commencé l'école*," nikasema. "Unamsemea nani?"

Alichagua hindi jingine, akalikagua punje.

"Wa kwanza wangu. Ikifika Januari angekuwa na miaka saba," akasema. "Atakuwa ameanza la kwanza."